Mafuta ya Nazi kwa Modi wa Laeken

Siku ya kwanza nilimfunga vifungo vyote vitatu vya koti lake, na mzee akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani, haufanyi kazi tangu apigwe na kiharusi, na bado akapata nguvu za kunikemea. Kifungo cha chini hakifungwi, akasema. Nikamuuliza, kama hakifungwi, walikishona cha nini? Akasema ndivyo ilivyo. Nikamwambia kwetu kifungo kikishonwa kinafungwa, na asubuhi yote ile sina muda wa vifungo vya maringo. Hapo akacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu imetulia, na tukaanza kujuana hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga na ulimi wangu una pilipili, sikatai. Brussels nililetwa na ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa mwanadiplomasia mmoja, na ndoa ilipovunjika yeye alirudi Dar akaoa, mimi nikabaki. Kurudi nyumbani na talaka mkononi, majirani wote wachungulie madirishani, sikutaka. Nikatafuta kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Ofisi inakupa anwani, unapanda tramu, unaogesha, unavisha, unalisha, unaondoka.

Wenzangu kazini wengi ni Wakongo na Warundi, na sina la kuwasema, ni watu wema. Wananiita maman, wananiwekea sahani ya chakula. Lakini Kiswahili changu kinawachekesha, wanasema naongea kama taarifa ya habari redioni, na wao Kiswahili chao kimejaa Kifaransa ambacho mpaka leo nakifuata kwa nyuma nyuma. Saa ya kazi ikiisha, bon, à demain, haya, mpaka kesho, kila mmoja na watu wake. Yule ana kanisa, huyu ana wajukuu, wale wana msikiti wao na harusi zao za Bujumbura. Watanzania wenzangu walikuwa wakinialika nilipokuwa mke wa mtu. Baada ya talaka mialiko ikapungua, halafu ikakoma, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini. Jumapili nilikuwa naweza kukaa kutwa nzima bila kusikia sauti yangu, mpaka nisome dua kwa sauti ndipo nijue bado ninayo.

Kwa hiyo yule mzee wa mtaa wa Laeken, pamoja na ukorofi wake, kwangu alikuwa neema. Alikuwa Mwingereza. Alikuja Ubelgiji kufanya kazi, akaoa mwanamke wa hapa, mke akafariki, watoto hawakujaaliwa. Kiingereza nilikisoma shule na nikakinoa kwenye hoteli nilikofanya kazi kabla ya kuolewa, basi kwake nilikuwa naongea bila kutafuta maneno. Nikichelewa tramu namkuta ameshasogeza kiti chake mpaka dirishani. Hakuna mtu mwingine katika mji ule aliyekuwa akinisubiri, na mimi nilikuwa nikijua hivyo kila nilipopanda ngazi zake.

Mzee alikuwa anavaa suti kila siku. Hatoki, hapokei mtu, na bado suti. Nyembamba, mabega madogo, suruali inayoishia juu ya kiatu bila kukunjika. Akinielekeza nimvishe utadhani tunamvisha bwana harusi. Nikimaliza, ananiambia niweke santuri, na kwenye chumba kile kidogo wanaimba Wamarekani weusi na Wajamaika wa enzi hizo, naye anatikisa mguu ule mzima. Siku moja akaniambia, kwa heshima kabisa, kwamba watu wangu ndio waliomfundisha kucheza. Nikamuuliza watu wangu gani? Watu wangu walikuwa wanasikiliza udi na fidla. Akaomba radhi, akaniambia nimletee na yeye huo udi ausikie, nikampigia kwenye simu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho.

Ndipo akanieleza habari za ujana wake. Alisema vijana wa kwao walikuwa wamegawanyika. Yeye alikuwa modi. Modi ni watu wa suti na viatu vinavyong'aa, wanaendesha vespa zilizopachikwa vioo na taa mpaka basi, na juu ya suti wanavaa koti refu la kijeshi, la kijani, vumbi lisiiguse. Mahasimu wao walikuwa waroka: majaketi meusi ya ngozi, mabuti, pikipiki kubwa za kelele, na muziki wa magitaa ambao modi waliuona umepitwa. Siku za mapumziko makundi yote mawili yalikuwa yakienda pwani, na huko ufukweni wanapigana kwa ngumi na viti vya turubai, mabibi wamekaa na aiskrimu zao wanatazama.

Alinisimulia akitegemea nishangae. Nishangae nini? Mama yangu mzazi alikuwa wa kikundi kimoja cha taarabu pale Tanga, na mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, alikuwa wa kikundi cha pili. Kila kikundi na sare yake, kila kikundi na mtaa wake. Ikija harusi wanavaana kwa nyimbo, huyu akiimba shairi la kumchoma yule, na yule anakesha akitafuta la kujibu. Mama na mama mdogo walikaa nyumba moja miezi mizima hawasalimiani, chumvi wanaombana kupitia kwa sisi watoto. Kisa nini, kisa vitambaa na nyimbo. Nikamwambia mzee kwamba hayo ya modi na roka sisi tumeyanyonya maziwani. Akafurahi sana. Nadhani ilikuwa ni mara ya kwanza kuongea na mtu asiyeona kuwa ni upuuzi.

Na kwake haukuwa upuuzi hata kidogo, maana roka mmojawapo alikuwa kaka yake.

Kaka mtu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Ndiye aliyemfundisha kuogelea na kuendesha baiskeli. Halafu mdogo alipopata kazi na kununua vespa yake na kuvaa suti, kaka akaona ametukanwa. Wakakutana huko pwani siku ya vurugu, kila mmoja na wenziwe, na kaka, mbele ya wote, akaishika ile vespa na wenzake, wakaisukuma kwenye gati mpaka mwisho, wakaitumbukiza baharini. Mzee alisema kilichomuuma si chombo. Kilichomuuma ni kwamba kaka yake alikuwa akicheka. Toka siku hiyo hawakusemezana. Mama yao alipozikwa walisimama pande mbili za kaburi.

Basi majira ya baridi yale, kaka akapiga simu. Alikuwa amepata habari za kiharusi kwa jamaa yao. Akasema naye anaumwa moyo, madaktari wamemwambia ajichunge, na anataka kuja. Mzee akakubali, akakata simu. Akaniambia hivi, nami nayakumbuka maneno yake:

"Sitaki zawadi, sitaki maelezo. Aseme tu samahani kwa mdomo wake. Asiposema, anywe chai aende zake, na tufe hivi hivi."

Jambo la pili alilotaka lilikuwa juu yangu. Alitaka kaka yake amkute modi. Asikute mgonjwa, asikute kibabu kwenye kiti cha magurudumu, amkute yuleyule aliyetupiwa vespa baharini na bado hakuvua suti. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekufa, mikono ya kazi hiyo ilikuwa yangu. Tulifanya majaribio ya tai. Nilipiga viatu dawa mpaka nikajiona. Nikamnyooshea shati mara mbili, maana mara ya kwanza alilikataa kwa sababu ya kola. Nilimnunia, nikalirudia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ile nyembamba ya Brussels, haikunyeshei, inakulowesha tu. Nilimwogesha, nikamvisha suti ya buluu iliyokoza. Nilipomsogeza kwenye mwanga nikaona mabega yamejaa unga mweupe. Ni mba. Hita zilikuwa zinawaka mchana na usiku, ngozi ya kichwa imemkauka, nywele zimesimama zimepauka. Nikapangusa mabega, nikamchana, mabega yakajaa tena.

Sasa niseme ukweli wangu. Kwetu mgeni haji akamkuta mtu na kichwa kikavu. Ukimwona mtoto au mzee kichwa kimepauka, wa kulaumiwa si yeye; watu watasema huyu hana mtu wa kumtazama. Mama yangu alikuwa anatushika mmoja mmoja kabla hatujatoka mlangoni, anatupaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa, ili mji mzima ujue kwamba sisi tuna mwenyewe. Mimi kichwa changu hakijashikwa na mkono wa mtu miaka mingi, najipaka mwenyewe, nasuka mwenyewe mistari isiyonyooka. Lakini mzee wangu alikuwa na mtu, na mtu huyo ni mimi, na kaka yake anatoka Uingereza kuja kutazama.

Mkobani nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, huwa nayanunua maduka ya Waafrika kule Chaussée d'Ixelles. Yalikuwa yameganda kwa baridi, nikayayeyusha kwenye bakuli la maji ya moto. Nikamwambia mzee nampaka kidogo ngozi ipoe, akaitikia tu, akili yake iko mlangoni. Nikamkanda kichwa taratibu, naye akafumba macho, mabega yakashuka, akasinzia. Na hizo nywele zake nyeupe zikalainika vizuri, nikazilaza zote nyuma, zikatulia, zikametameta. Nikasimama mbali nikamtazama. Walahi alikuwa amependeza.

Katika mafundisho yake yote hakuwahi kunieleza habari za nywele. Vifungo ndiyo, suruali ndiyo, soksi ndiyo. Nadhani haikumpitikia kwamba kuna binadamu anaweza kumpaka modi mafuta kichwani.

Kengele ikalia. Nikafungua. Kaka mtu alikuwa jitu refu lililopinda mgongo, kofia ya sufu kichwani, na jaketi la ngozi lililochakaa viwiko. Alinisalimu vizuri, akafuta viatu, akaingia sebuleni, akasimama. Alikuwa anatazama kichwa cha mdogo wake. Mzee akaamka, akamwona kaka yake, akanyoosha shingo ajikaze. Kisha akaona macho ya mwenzake yako wapi, akapeleka mkono kichwani. Akavitazama vidole vyake vinavyong'aa. Halafu akanitazama mimi.

Sikuwa najua nimefanya nini, lakini nilijua kuna kitu nimefanya. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Kaka mtu akavua kofia. Alikuwa na upara, hana hata unywele mmoja.

"Umezilaza," akasema, polepole. "Mimi sina tena hata pa kupaka, na wewe umezilaza. Umefanya kwa ajili yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nywele zile za kulazwa nyuma kwa mafuta zilikuwa alama ya waroka, bendera yao kabisa. Mzee wangu aliyetaka kufa akiwa modi, nilikuwa nimemkabidhi kwa adui yake amevaa bendera ya adui. Nikaona shingo ya mzee inapanda wekundu. Namjua hasira zake. Nikasubiri anifukuze, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria Jumatatu yangu itakuwaje bila kupanda ngazi zile. Akamtazama kaka yake na upara wake na kofia mkononi, akamtazama muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Kwa ajili yako."

Kaka mtu akaketi pale pale kwenye kochi bila kukaribishwa, akaanza kulia. Mtu mzima yule analia mabega yanapanda na kushuka. Akasema samahani. Akaisema mara moja ile ya kwanza, halafu ikawa kama kizibo kimetoka, akasema samahani kwa vespa, samahani kwa kicheko, samahani kwa kaburi la mama. Akasema kesho yake maji yalipokupwa alirudi peke yake akaingia baharini kuitafuta, hakuiona, na aliona haya kumwambia mtu. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilichemsha chai ile muda mrefu kuliko chai yoyote niliyopata kuchemsha.

Jioni nilipokuwa namvua koti, kaka mtu ameenda kunawa, nilimwambia nimuoshe kichwa sasa hivi. Mzee akaninong'oneza kwamba ngoja aondoke kwanza. Lakini kaka hakuondoka. Alikuja kwa chai, akakaa wiki, akilala kochini na miguu nje. Kwa hiyo kila asubuhi ilibidi nimpake tena, mzee amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu, na mimi najikaza nisicheke. Nilimwambia sasa wewe ni roka, zoea. Akaniambia nifunge mdomo. Zilikuwa siku nzuri sana zile, nyumba ina kelele, santuri za huyu zinabishana na nyimbo za yule, nami napikia watu watatu na tunakula pamoja mezani. Nilianza kuzizoea.

Mwisho wa wiki kaka akatoa shauri. Anakaa mji mdogo wa pwani, nyumba ya chini, haina ngazi, mkewe amefariki na chumba kipo. Mzee akaniita, akaniuliza nionavyo mimi. Angalia mtihani huo. Ningesema mwili wako haujawa tayari, angenisikiliza. Alikuwa akinisikiliza kwa mambo ya mwili wake kuliko daktari wake wa mtaa wa Jette. Nikamwambia aende. Nikamwambia mtu akipata ndugu yake haulizi mfanyakazi. Nilimwambia kwa ukali kuliko nilivyokusudia, akadhani nimechoka naye, ikabidi nimshike mkono nimwambie sivyo.

Nilimfungia mizigo mwenyewe, suti moja moja. Nikawasindikiza mpaka kituo cha treni, wahudumu wakamnyanyua na kiti chake, na mlango ukafungwa tukiwa bado tunaagana. Nilirudi na tramu nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nimepatanisha ndugu wawili kwa mkono wangu, tena bila kujua, na malipo yake nimebaki bila mtu. Niliwaza hivyo, sioni haya kusema. Ofisini mwenzangu mmoja, Mkongo wa Bukavu, akaniona macho mekundu, akanivuta pembeni.

"Maman, ule muzee amepata famille yake. Donc unalia nini?"

Nikamwambia ni baridi. Akanipa kitambaa chake, akaenda kuwahi treni ya kwao. Wiki ile ile nilipewa bibi mmoja upande wa pili wa mji, haongei ila Kiflamandi, na Kiflamandi mimi sijui. Tunaelekezana kwa vidole. Ni bibi mpole. Nikimaliza anafunga mlango kabla sijafika kwenye lifti.

Jumapili moja, baada ya kutafuta sababu ya kupiga na kuikosa, nikapiga hivyo hivyo. Mzee mwenyewe alipokea. Sauti yake ilikuwa imenenepa. Akanieleza wamegombana asubuhi kuhusu santuri ipi itangulie mpaka jirani akagonga ukuta, na kwamba kaka yake ndiye anayemvisha siku hizi, anamvuta kama anang'oa nyasi. Akacheka sana. Nyuma yake nikamsikia kaka anauliza nani huyo, na mzee akamwambia nyamaza, naongea na mtu wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimevaa koti la nje humo humo ndani, sijasema na kiumbe tangu Ijumaa.

Akashusha sauti akaniuliza, "Na wewe, mama, uko na nani hapo?"

Nikamwambia nina wageni. Nikamwambia nyumba imejaa, watoto wa watu wanakimbia huku na huku, hata simsikii vizuri.

Nadhani alitega sikio, na kwangu hapakuwa na sauti ya mtoto hata mmoja.

"Haya," akasema. "Basi usiwaache wageni wako peke yao."